Sori ya Baba Mdogo

Kikuyu, Dodoma
Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa Loisi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta Songea ukiwa mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kifua cha mdogo ulichonieleza kimeshatulia. Sisi huku tunapumua. Mama goti linamsumbua baridi ikiingia, lakini bado anafika kanisani kabla ya mchungaji. Baba mwili wake hauna neno. Kuhusu roho yake ndiyo nimeshika kalamu, kwa hiyo tafuta mahali pa kukaa, na kama chai iko karibu, mimina.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani wakati simu ninayo. Ni kwa sababu ya lile kundi la WhatsApp la ukoo. Nimejitoa. Mtu akikuambia Erica ameondoka kwa hasira, mwambie ndiyo, na asithubutu kunirudisha. Barua hii naituma na basi la kesho pamoja na mfuko wa karanga, ili uisome wewe peke yako, isisomwe kwanza na mashangazi halafu ikajibiwa na watu ambao sikuwauliza.

Dada, unajua nimefundisha Kiingereza miaka mingi. Nimewafundisha watoto wanaokitaka na wasiokitaka. Nimesahihisha insha ambazo ukizisoma unatamani kulia. Lakini katika lugha hiyo yote hakuna kitu kilichonichosha kama neno moja tu, hili la "sorry". Sori. Asubuhi nikitoka nyumbani bodaboda ananimwagia vumbi, sori sista. Nikifika darasani, aliyechelewa anasimama mlangoni na kusema sori madam, huku anatafuna. Nikienda ofisi ya elimu kufuatilia karatasi zangu za kupandishwa daraja, msichana wa dirishani ananiambia sori, mtandao unasumbua, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Nikijikwaa, mtu aliye ng'ambo ya barabara, asiyehusika na jiwe wala na mguu wangu, anasema sori. Jirani asiposikia nilichosema ananitumbulia macho, sori? Na msibani nako wanamshika mfiwa mkono na kumwambia sori sana. Sisi tulikuwa na maneno yetu, kila moja na kazi yake. Aliyefikwa na jambo unampa pole. Uliyemkosea unamwomba msamaha. Asiyesikia anasema unasemaje. Tumeyaweka yote kando, tumechukua hilo moja la kufanyia kila kazi.

Mtu angeniambia kwamba neno hilo hilo ndilo lililowatenganisha Baba na Baba Mdogo Obedi miaka yote hii, ningecheka. Sasa nimejua, na sicheki.

Unakumbuka Bibi alipofariki. Wewe ulikuwa na mtoto mchanga, hukuweza kusafiri, kwa hiyo mengi hukuyaona. Bibi alikuwa akiishi hapa Kikuyu kwa Baba Mdogo kwa sababu ya kuwa karibu na hospitali, na Baba alikuwa Mkonze na mizabibu yake. Siku Bibi alipozidiwa, Baba hakupigiwa simu. Alikuwa shambani tangu alfajiri, akarudi jioni, na habari ya kwanza iliyomfikia ilikuwa ya kifo. Mwenye kumpa habari alikuwa jirani, si mdogo wake. Kutoka Mkonze hadi Kikuyu ni mwendo mfupi, Dada, hata wewe unajua. Mtu anayempenda mama yake angefika kwa miguu. Jambo hilo Baba hakulisema kwa sauti, lakini pale makaburini alisimama upande mmoja na Baba Mdogo upande mwingine, na tangu siku hiyo hawakukaa tena meza moja. Sisi watoto tulidhani ni huzuni na kwamba itapita.

Haikupita. Wakionana kanisani walisalimiana kama watu wanaopishana mlangoni mwa benki.

Sasa, Anna wa Baba Mdogo amepata mchumba. Anaitwa Luka, kijana wa Mpwapwa, mpole, anajua kuzungumza na wazee. Wakwe wanakuja Jumamosi ijayo kumaliza mazungumzo. Anayepaswa kuwapokea na kusema neno la mwisho kwa niaba ya ukoo ni baba mkubwa wa binti, yaani Baba. Wakwe walishauliza kwa heshima kama mzee atakuwepo. Anna alikuja kwangu akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake, akaniambia Baba Mkubwa amesema hatakuja. Aliniomba nikaseme naye. Nikaona ni kazi ndogo. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza.

Nilipanda bajaji hadi Mkonze. Nilimkuta Baba kwenye mizabibu anapogoa, na hakuacha kukata hata nilipomwamkia. Nilimweleza habari ya Anna. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hana ugomvi na Anna wala na watu wa Mpwapwa. Ugomvi wake ni kwamba Obedi hajawahi kumwomba msamaha kwa kumnyima kumwona mama yake. Alichofanya ni kumpa pole. Hapo Baba aliweka mkasi chini. Akasema siku ile ya msiba Obedi alimtumia ujumbe kwenye simu wa maneno mawili tu, SORRY KAKA. Akaniuliza, hivi mama aliyekufa alikuwa wa nani? Mtu unaweza kumpa pole ndugu yako wa tumbo moja kwa kufiwa na mama, kana kwamba wewe ni jirani uliyepita kuweka sahihi kwenye kitabu cha rambirambi? Nilimuuliza yeye alijibu nini. Akasema alijibu anavyojibiwa mtu aliyetoa pole. Aliandika "Asante."

Nikapanda bajaji kurudi Kikuyu kwa Baba Mdogo. Unamjua, karani wa stesheni mstaafu, bado anachomekea shati hata akiwa nyumbani. Nilipomweleza alichosema Baba, alisimama kabisa. Akasema hakumpa mtu pole. Alimwomba kaka yake msamaha, siku ile ile, kabla hata maiti haijatoka nyumbani, na kaka yake akamjibu asante. Akaniuliza, wewe ukimwomba mtu msamaha akakujibu asante, utaelewa nini? Amekusamehe? Amekukejeli? Akasema alisubiri neno la pili mpaka akachoka kusubiri. Akasema hawezi kuomba mara mbili kitu alichokwisha kuomba, kwa sababu yeye si mtoto.

Nikarudi Mkonze. Baba akasema kama ulikuwa msamaha, kwa nini hakuandika nisamehe? Kiswahili hakijui? Nikarudi Kikuyu. Baba Mdogo akasema sorry maana yake ni nisamehe, kila mtu anajua, aulizwe Erica, ndiye mwalimu wa Kiingereza. Nikarudi Mkonze. Baba akasema hata yeye anasema aulizwe Erica. Basi nikakaa pale mbele ya Baba na Mama, na digrii yangu yote, nikaulizwa kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza: sorry ni pole au ni nisamehe? Nikasema ni zote mbili. Baba akasema hilo si jibu. Nikasema inategemea mtu ana nini moyoni. Baba akasema basi hicho Kiingereza mnachofundisha hakimfai mtu. Mama, aliyekuwa anachambua mlenda, alicheka hadi akajifuta machozi, halafu akaniambia taratibu nisiwaache wafe hivyo.

Nilikuwa nimeanza kuwasogeza kidogo, Dada. Baba alikuwa ameshaanza kuuliza watu wa Mpwapwa watalala wapi. Ndipo mdogo wetu Brighton alipoamua kusaidia.

Huyu mtoto anasoma chuo kikuu huko Chimwaga, mwaka wa pili, na tangu aende huko hakuna jambo asilolijua. Aliona mabishano yameshafika kwenye lile kundi la ukoo, akafungua kamusi ya kwenye simu, akaandika kwa herufi kubwa kwamba ndugu zangu tusibishane bila utafiti, neno hili lina maana nyingine ya tatu. Akaeleza kwamba likiwekwa mbele ya jina la mtu, linaweza kumaanisha mtu duni, wa kusikitisha, asiye na thamani. Akatoa na mfano. Alidhani anachekesha. Shangazi mmoja akaupeleka ujumbe ule kwa Baba, akamsomea kwa sauti, taratibu. Kwa hiyo jioni ile Baba alijua kwamba SORRY KAKA maana yake ni kaka wa hovyo.

Sitakuandikia alichosema Baba. Alichosema Mama kwa Brighton nacho nitakuachia ukisikie ukija. Mimi nilijitoa kwenye kundi. Brighton alinipigia simu, na unajua neno la kwanza alilosema lilikuwa lipi. Nilikata simu.

Usiku ule Anna alinitumia ujumbe kwamba wakwe wamesikia kuna mgogoro katika ukoo na wanafikiria kuahirisha. Akasema kama wakiahirisha hatawalaumu, ila atajua kwamba ndoa yake imevunjwa na watu waliomlea. Nilikaa na simu mkononi nikawaonea hasira wote. Baba, Baba Mdogo, Brighton, Waingereza. Nilijionea hasira hata mimi, kwa kwenda na kurudi nikibeba maneno ya wazee wawili kama mfanyakazi wa posta, wakati kila mmoja ana mdomo wake.

Ndiyo maana jana nilipofika Mkonze sikuamkia kwa urefu. Nilimwambia Baba avae viatu. Nilimwambia mimi nimemaliza kutafsiri, kama anataka kujua Baba Mdogo alikuwa na nini moyoni, aende akamuulize mwenyewe, na kama hataki kwenda, basi awaambie watu wa Mpwapwa kwa mdomo wake kwamba Anna hana ukoo. Sijawahi kusema na Baba hivyo maishani mwangu. Nilitegemea anifukuze. Alimtazama Mama. Mama aliingia ndani akatoka na koti lake la kanisani, akalishikilia wazi ili aingize mikono. Akaingiza.

Tulipofika, Baba Mdogo alikuwa barazani anabangua karanga. Aliposimama, karanga zote zilimwagika. Alisema shikamoo kaka. Baba aliitikia marahaba, akakaa kwenye kiti cha pembeni, akaanza kufuta vumbi kwenye viatu vyake. Anna alichungulia dirishani akajificha. Nilisubiri nikaona wataweza kukaa hivyo hadi jioni, nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Baba Mdogo, leo hakuna Kiingereza. Ulipoandika lile neno ulimaanisha nini? Ulimpa pole au ulimwomba msamaha?"

Baba Mdogo aliangalia karanga zilizo chini. Akasema, "Nilimaanisha vyote. Na kingine ambacho sijamwambia mtu."

Sasa Dada, hapa naomba usome polepole, kwa sababu hata mimi naandika polepole.

Alisema siku ile Bibi aliamka vizuri. Alikunywa uji. Mchana ndipo alipoanza kuita, na jina aliloliita lilikuwa la Baba, Yotham. Baba Mdogo alitaka kutoka nje kupiga simu, akamsogelea kwanza kumwambia kwamba anakwenda kumwita. Bibi alimshika mkono. Macho yake yalikuwa yameshafifia sana. Akamwambia, Yotham, umekuja. Baba Mdogo alijaribu kumwambia ni Obedi. Bibi akazidi kumshika, akasema, Yotham mwanangu, nilijua utakuja, na uso wake ukatulia namna ambayo hakuwa ameiona kwa miezi mingi. Akaona akitoa mkono ule utulivu utaondoka. Akasema mwenyewe kwamba alimwambia, ndiyo mama, nimekuja.

Alikaa pale akiwa Yotham mpaka Bibi alipolala, na hakuamka tena.

Akasema ni yeye aliyemwogesha na kumlisha tangu alipohamia Kikuyu. Akasema hakuwahi kumwonea Baba wivu mpaka mchana ule, na wivu ule aliuonea aibu hata kabla maiti haijapoa. Alipochukua simu kumwandikia kaka yake alikuwa na mambo matatu ya kusema. Pole kwa mama yetu. Nisamehe sikukuita. Na nisamehe, kwa sababu kwaheri iliyokuwa yako niliichukua mimi. Alijaribu kwa Kiswahili akafuta, akajaribu tena akafuta, kwa sababu kwa Kiswahili ilibidi aseme ni lipi. Neno lile la Kiingereza halikumuuliza. Akalituma. Halafu ikaja asante, naye akashindwa kujua kaka yake anamshukuru kwa lipi.

Sijui nilikuwa nategemea Baba afanye nini. Labda asimame aondoke. Labda amkumbatie, ingawa wanaume wa nyumba hii hujawahi kuwaona wakikumbatiana. Aliinama, akawaangalia kuku waliokuwa wamekusanyika kwenye karanga, na hakuna aliyewafukuza. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Aliniambia nini?"

Hakusema alikuambia nini, Dada. Alisema aliniambia nini.

Baba Mdogo akamjibu kwamba Bibi aliuliza, umekula?

Baba akauliza yeye alijibu nini. Baba Mdogo akasema alijibu, nimekula mama, nimeshiba. Basi, alisema Bibi, pumzika, umetoka mbali.

Baba alifunika uso kwa viganja. Mimi nilisimama nikaingia jikoni kwa Anna, kwa sababu kuna mambo mtoto hatakiwi kuyatazama. Nilipotoka na maji ya kunywa nilimsikia Baba Mdogo anasema neno la msamaha kwa lugha yetu, Kigogo cha Bibi mwenyewe, ambacho ndani yake hakuna pa kujificha. Baba alijibu kwamba amesikia. Alikula ugali pale, sahani moja na mdogo wake. Aliuliza habari za watu wa Mpwapwa, wanatoka upande gani, kijana anafanya kazi gani, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

Usidhani yamekwisha kabisa. Ndani ya bajaji tukirudi aliniambia kwamba pamoja na yote, Obedi angeweza kumtuma mtu. Akasema angekimbia. Akasema angefika hata bila viatu. Nilimwambia najua, Baba. Akageukia upande wa pili hadi tulipofika Mkonze, na Mama akampokea koti mlangoni.

Lakini leo asubuhi kabla ya ibada Mama amenipigia kunong'ona. Anasema Baba aliamka mapema, akaenda na simu mwisho wa shamba akidhani hakuna anayemsikia, akampigia Baba Mdogo. Hawakuzungumza habari za wakwe. Alitaka kujua Bibi alikuwa amelala kwa upande gani. Alitaka kujua mkono aliomshika ulikuwa wa kulia au wa kushoto. Mwisho akamwambia mdogo wake, rudia tena alichoniuliza, na Baba Mdogo akarudia. Mama anasema alimsikia Baba akijibu yeye mwenyewe, kwa sauti, pale katikati ya mizabibu, kwamba hapana mama, siku ile nilikuwa sijala.

Basi Dada, Jumamosi wakwe wanapokelewa, na Baba ndiye atakayesema. Njoo. Mwombe shemeji ruhusa, watoto waache kwa wifi, panda basi la Alhamisi. Anna anakuhitaji na mimi nahitaji mtu mwenye akili wa kukaa naye. Brighton atakuwepo. Nimemwagiza asifungue mdomo kwa lugha yoyote mpaka wageni watakapoondoka.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama zile dawa za miti za goti bado zinapatikana huko kwenu. Baba anakusalimu. Baba Mdogo na Anna wanakusalimu. Msalimie shemeji kwa heshima zake, na watoto wabusu wote kwa niaba ya mama yao mdogo, ambaye kesho asubuhi anarudi darasani akiwa amechoka kuliko siku zote, lakini moyo wake umetua.

Nakungoja stendi.

Ni mimi mdogo wako,
Erica